Tende za Elche na Vikaangio Viwili

Msafiri atokaye Alicante, katika pwani ya mashariki ya Hispania, safari yake ya kwenda Elche haifiki hata saa moja. Treni huingia mjini kwa njia ya chini ya ardhi, na abiria apandapo ngazi za kituo kilicho karibu na bustani ya mji hutokeza juani akiwa na mashaka. Hujiuliza kama hakupitiwa na usingizi, akavushwa bahari bila ya kujua, akateremshwa Misri. Mbele yake hakuna misonobari wala mizabibu ambayo vitabu vya jiografia vilimwahidi alipokuwa shuleni. Kuna mitende: mitende kando ya barabara, mitende nyuma ya majumba ya ghorofa, mitende uani kwa watu, mitende ikichungulia juu ya kuta, yote mirefu na myembamba, na vichwa vyake vikitikisika kama wazee wanaokubaliana jambo.

Nilifika huko mwezi wa Novemba, nikiwa mgeni wa mdogo wangu wa kike ambaye ni muuguzi katika jimbo hilo. Kwa mtu wa Bujumbura mti wa jamii hiyo si mgeni. Ukishika barabara ya kando ya ziwa kwenda Rumonge, michikichi hukupokea kabla hujauona mji, na harufu ya mawese hukuambia kwamba umekaribia. Lakini mchikichi wetu ni mtoto wa mvua. Mtende wa Elche umeota mahali ambapo mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 300, na maji ya mto wake, uitwao Vinalopó, yana chumvi. Mahindi yangenyauka, maharage yasingechomoza. Mtende huyanywa maji hayo, hukaa juani miezi yote, kisha hutoa sukari. Mdogo wangu aliponieleza hivyo nilimwomba arudie, maana nilidhani nimesikia vibaya.

Walioyatambua hayo na kuyafanyia kazi ni Waislamu, Waarabu na Waberberi, waliovuka kutoka Afrika ya Kaskazini katika karne ya 8 na kuitawala nchi hiyo. Wao ndio waliochimba mifereji ya kuyatoa maji mtoni na kuyagawa kwa zamu. Ardhi waliikata viwanja vya pembe nne, na kila kiwanja wakakizungushia mitende kwa mistari kando ya mifereji. Hapo ndipo penye akili. Mtu asiyejua hudhani kwamba shamba la mitende ni mitende tu, kumbe mitende ile ni ukuta na paa: huzuia upepo, hupunguza ukali wa jua, na katikati yake, kivulini, hupandwa mikomamanga, mboga na majani ya kulishia mifugo. Viwanja hivyo vingaliko hata leo, vikiwa vimezingirwa na mji, na UNESCO iliviingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Mitende ya Elche huhesabiwa kuwa zaidi ya 200,000. Wenyeji huitaja hesabu hiyo kwa furaha mbele ya kila mgeni. Si kama wafugaji wa kwetu, ambao kumwuliza mmoja wao idadi ya ng'ombe wake ni kumkosea adabu.

Mtende una dume na jike, na jike peke yake ndiye azaaye. Chavua ya dume haiachiwi upepo. Mtu hupanda juu na kuitia kwa mkono katika maua ya jike. Hupanda kwa kamba iliyozungushwa kiunoni mwake na kwenye shina, miguu ikikanyaga visiki vya makuti ya zamani, mfano wa wagema wetu. Niliwatazama wawili wakiteremsha vishada vya tende polepole kwa kamba, kwa uangalifu wa mtu anayeteremsha mtoto aliyelala. Kwa kuwa mingi ya mitende hiyo iliota kutokana na kokwa, kila mmoja una tabia yake: huu huzaa tende nene, ule nyembamba, mwingine kavu, mwingine laini kama siagi. Tende zisizoiva vema juu ya mti hunyunyiziwa siki na kuachwa hadi zilainike. Nilionjeshwa hizo za siki nikazisifu kwa adabu. Makuti nayo yana kazi yake. Mitende fulani hufungwa vichwa vyake ili jua lisiyafikie makuti ya ndani, nayo huota meupe kama karatasi, kisha husukwa kwa ufundi mkubwa na kubebwa katika maandamano ya Jumapili ya Matawi.

Mitende hiyo ina adui pia, fukusi mwekundu mwenye mdomo mrefu, aliyeingia Hispania katika miaka ya 1990 na kufika Elche mwaka 2005. Funza wake huula moyo wa mti kwa ndani, na mwenye shamba huja kutambua makuti yakiwa yamekwisha kulala. Tuliupita mmoja wa namna hiyo. Mzee aliyekuwa akitutembeza aliuvulia kofia.

Sasa yanipasa nieleze kwa ufupi jambo ambalo bila hilo habari ya jikoni inayofuata haitaeleweka. Mwaka 1265 mji ulitwaliwa na jeshi la mfalme Mkristo, Jaime I wa Aragon. Msikiti mkuu ukafanywa kanisa, na mahali pale leo pamesimama kanisa la Santa María, ambamo kila mwaka tarehe 14 na 15 Agosti huimbwa mchezo wa kale wa kupalizwa mbinguni kwa Bikira Maria. Waislamu walihamishiwa nje ya kuta, wakakaa katika mtaa uitwao Raval, wakaendelea kulima. Maana ni nani mwingine aliyezijua zamu za maji? Katika miaka ya 1520 Waislamu wa sehemu hizo walilazimishwa kubatizwa. Tangu hapo chungu cha jikoni kikawa shahidi barazani. Mahakama ya Kanisa iliyokuwa ikichunguza imani za watu ilikuhesabu kukataa nyama ya nguruwe kuwa dalili ya mtu aliye Mwislamu au Myahudi moyoni. Mezani mtu aliweza kupimwa kwa kipande kimoja cha nyama. Mwaka 1609 mfalme Felipe III akaamuru wafukuzwe, kwa kuanzia na jimbo la Valencia ambamo Elche imo. Hadi mwaka 1614 waliotolewa katika Hispania yote wanakadiriwa kuwa karibu 300,000. Walipakiwa katika merikebu wakapelekwa Afrika ya Kaskazini. Mitende hawakuweza kuichukua.

Nilitembea Raval saa ya chakula cha mchana. Vijia vyake ni vyembamba, na kila dirisha lilikuwa likitoa sauti ya visu na sahani.

Mama mkwe wa mdogo wangu ni bibi aliyekwisha pita miaka 70, mfupi, mwenye mikono mipana, na siku hiyo alikuwa akiandaa karamu ya kumkumbuka mumewe siku ya kuzaliwa kwake. Wageni 30 walikuwa waje kabla ya jua kuchwa. Huko karamu haianzi kwa kukaa. Watu husimama, hushika bilauri, huzungumza wote kwa wakati mmoja, na hupitishiwa vitafunio vidogo ambavyo huliwa kwa vidole: zeituni, jibini, samaki wadogo, na juu ya vyote hivyo kile ambacho mji umekitia jina lake, delicias de Elche. Delicia maana yake ni kitu kitamu. Ni tende iliyotolewa kokwa, ikajazwa lozi moja, ikavikwa utepe wa nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi na moshi, ile ambayo katika maduka yetu huuzwa kwa jina la bekoni, kisha ikakaangwa.

Bibi aliponipa kazi ya kuchanja tende alinitazama mikono kwanza. Nilichanja ya kwanza pande zote mbili, ikafunguka kama kitabu. Akaitia kinywani mwake, akaila, akanipa nyingine. Tende huchanjwa upande mmoja tu, tangu kichwani hadi karibu na mwisho, kokwa ikasukumwa nje kwa ncha ya kisu, ili nyama yake ibaki kuwa mfuko. Tena isiwe laini mno. Tende iliyolainika kama ugali wa jana ni nzuri kwa kula hivi hivi, lakini kikaangioni hupasuka na sukari yake huungua. Lozi zilikuwa zimelowekwa katika maji ya moto, zikamenywa, zikakaangwa katika mafuta kidogo hadi zikawa na rangi ya mchanga wa ufukweni. Asiyezikaanga, alisema bibi, amejaza tende yake mbao.

Kisha nyama. Bibi alichagua bekoni nyembamba sana, akaikata kila utepe nusu mbili, na nusu moja ikatosha tende moja. Utepe uizunguke tende mara moja na kupandana kidogo. Watu wengi hukosea hapo wakidhani kwamba nyama ikizidi utamu utazidi, kumbe utepe ukipandana mara mbili, tabaka la ndani hubaki bichi, laini na lenye kuteleza, na hakuna mgeni atakayeomba ya pili. Baadhi ya watu hutumia kijiti cha kuchokolea meno kuushika utepe. Bibi hakukihitaji. Alizilaza tende kikaangioni zikielekeza chini pale ncha za utepe zilipopandana, na moto ukazibana zenyewe.

Kikaangio hakikutiwa mafuta hata tone, kwa kuwa bekoni huja na mafuta yake. Moto ulikuwa wa wastani, na hapo ndipo nilipokemewa, kwani nilitaka kuuongeza. "Moto mkali ni wa mtu aliyechelewa," mdogo wangu alinifasiria. Moto ukiwa mkali nyama hugeuka nyeusi nje kabla mafuta yake hayajayeyuka, na sukari ya tende huwa chungu. Dakika nane hadi kumi, huku ukizigeuza kwa uma kidogo kidogo, mpaka nyama iive kabisa pande zote na ikauke kiasi cha kutoa mlio ikiguswa. Ndipo huopolewa na kuwekwa juu ya karatasi inyonye mafuta, na kuachwa dakika tatu. Dakika hizo tatu si za mapambo. Ndani ya tende sukari imechemka, na mwenye haraka hujiunguza ulimi akashindwa kuonja kitu kingine karamu nzima. Nalisema hili kwa ushahidi wa ulimi wangu mwenyewe.

Ladha yake ni ya namna gani? Kwanza chumvi na moshi, halafu kitu kinachovunjika katikati ya meno, kisha utamu unaokuja polepole na kukaa. Mtu aliyezoea kula ndizi mbivu pamoja na samaki wa chumvi hatashangaa sana. Chumvi na sukari zimekuwa zikitafutana tangu zamani, na sidhani kwamba aliyebuni kitafunio hiki alikusudia kumdhihaki mtu yeyote. Waingereza nao wana ndugu yake. Wao huchukua plamu iliyokaushwa, wakaivika bekoni na kuichoma, na kuipa jina ambalo tafsiri yake ni mashetani juu ya farasi. Kuna na malaika juu ya farasi, lakini hao ndani yao mna chaza. Yaelekea kwa Waingereza malaika hutoka baharini.

Saa ya wageni ilipokaribia, nilimwona bibi akitenga tende kumi na mbili zilizojazwa lozi bila ya kuvikwa nyama. Aliziweka katika sahani ndogo, akaifunika kwa karatasi ya fedha, akaipeleka mwisho wa meza, mbali na nyingine. Niliuliza ni za nani. Nikajibiwa kwamba ni za bwana wa ghorofa ya chini na mkewe, watu wa Moroko, ambao kila mwaka huja kumkumbuka mzee. Nikaitika, nikaendelea na kazi yangu. Niliona kwa macho tu.

Nilirudi Bujumbura na mfuko wa lozi na majivuno kidogo. Binti yangu alikuwa amehitimu ualimu, nasi tulikuwa tumeazimia kuwaalika watu 40 nyumbani, jamaa, walimu wake na majirani. Nikawaambia wa nyumbani kwamba safari hii hatutaanza kwa sambusa na karanga kama kila mtu. Tutaanza kwa kitafunio cha Hispania.

Jirani yangu wa ukuta mmoja ni Mwislamu, mzaliwa wa Buyenzi. Amenizidi umri kwa miaka sita, kwa hiyo namwita dada, naye huniita mdogo wangu. Mama yake alikuwa amekwenda Hija mwaka huo, akarudi na tende za Madina, na jirani yangu akaniletea kisanduku kizima. "Mpe mwanetu, za pongezi," alisema. "Mama alizibeba mkononi njia nzima. Hakukubali ziingie katika mizigo." Nilishukuru, nikakiweka kisanduku kabatini. Nami sitaficha kwamba nilipokuwa nikikiweka nilikuwa nazihesabu tende zile kwa jicho la mpishi: nene, imara, si laini mno. Zitavikwa vizuri.

Jioni ya kuamkia karamu wanawake walikuja kusaidia, kama ilivyo desturi. Dada alifika na kisu chake, akaketi mkekani, akaanza kumenya lozi. Nikatoa kisanduku, nikaanza kuchanja tende. Alifurahi kuziona, alinisimulia jinsi mama yake alivyobishana na mchukuzi wa uwanja wa ndege kwa ajili yake. Mwanangu wa kiume akaja kutoka kwenye jokofu na pakiti mbili, akazitua kando ya kisanduku, akauliza, "Mama, na hii nyama ya nguruwe niikate sasa?"

Hakuna aliyesema neno. Lozi iliyokuwa mkononi mwa dada ilirudi bakulini.

"Mdogo wangu," akasema baada ya kitambo, "tende hizi utazifanyaje?"

Nilitaka kusema uongo. Ulikuwa karibu kabisa, juu ya ulimi: kwamba hizi ni za kuliwa hivi hivi, na nyama ni ya jambo jingine. Lakini lozi zilikuwa zimekwisha kumenywa, na shughuli nzima ilikuwa imetandazwa mkekani. Nikanyamaza. Dada akaondoka, akanawa mikono kwenye ndoo ya nje, akasema kwamba wakati wa magharibi umefika, anakwenda kuswali. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Ndipo nilipoikumbuka sahani ya karatasi ya fedha. Bibi yule wa Elche hakuwa ametoa hotuba yoyote. Mji wake ulikuwa umewapima watu kwa nyama hiyo kwa karibu miaka mia, ukawapoteza waliopanda miti inayoulisha, na yeye, asiye msomi, alikuwa ametenga tende kumi na mbili na kuzifunika. Mimi nilipita Raval, nikasikiliza historia yote, nikaichukua tende iliyotoka Madina mikononi mwa mama mzee, na kilichonijia akilini kilikuwa unene wake.

Nilingoja mpaka nikasikia mlango wa uani kwake ukifunguliwa baada ya swala. Nikaenda na kisanduku.

"Dada, nimekosa."

Akakitazama kisanduku. "Zimekwisha kugusana?"

"Bado."

"Basi hujakosa. Ulikuwa njiani kukosa." Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Lakini ungenipa kesho sahani ile mbele ya watu, na mama yangu yupo, ningeipokea kwa mkono gani?"

Sikuwa na la kujibu. Akanipokonya kisanduku na kuanza kupanga mambo, maana ni mtu wa kupanga. Tende za Madina zitabaki jikoni kwake. Tende za bekoni nitakwenda kuzinunua asubuhi soko la Ruvumera, na huko huko ninunue kikaangio kipya ambacho hakijaonja mafuta ya aina yoyote, kwa sababu cha kwake ni kidogo na changu hawezi kukitumia. Nyama ya ng'ombe ataichukua yeye kwa mchinjaji anayemjua, iliyochinjwa kwa kisomo. Sahani, uma, ubao wa kukatia, vyote vitengwe. Mafuta yaliyokaangiwa nguruwe hayatakwisha kwa kufutwa kwa kitambaa, naye hataki kuanza kuwaeleza wageni jambo hilo akiwa amevaa nguo za karamu.

Nyama ya ng'ombe haijifungi kwenye tende kwa urahisi kama bekoni, na yafaa msomaji ajue shida zake kabla hajaanza. Haina mafuta ya kutosha. Tuliiweka katika barafu kwa saa moja hadi ikawa ngumu kiasi, ndipo tukaweza kuikata vipande vyembamba ambavyo kisu kilionekana upande wa pili. Tukavipaka chumvi, kitunguu saumu kilichopondwa, pilipili manga na maji ya ndimu, vikakaa nusu saa. Chumvi isionewe haya, maana kazi ya chumvi ya bekoni sasa ni yake. Hapa kijiti cha meno ni lazima, kwa kuwa nyama hiyo hujikunja ikipata moto na kuivua tende yake. Kikaangioni tulitia samli kijiko kimoja, moto ukawa mkali kuliko wa bekoni, na dakika nne au tano zilitosha. Ikikaa zaidi huwa ngozi ya ngoma.

Lozi zilipungua, tukajaribu badala yake. Karanga hazikufaa, huwa kama changarawe. Korosho iliyokaangwa ilifaa, na kwa mfuko wetu ni nafuu.

Siku ya karamu sinia mbili zilitolewa. Ya bekoni ilikuwa ya bati jeupe, ikabebwa na mwanangu. Ya pili ilikuwa ya shaba, mali ya dada, ikabebwa na binti yake, na kila mmoja aliambiwa asishike ya mwenzake hata kama mkono wa mwenzake umechoka. Tulisema wazi tangu mlangoni ni ipi yenye nguruwe. Jambo ambalo sikulitazamia ni kwamba sinia ya shaba iliisha kwanza. Nilikuwa nimehesabu Waislamu tisa. Nilikuwa nimewasahau Wasabato, ambao nguruwe hawamgusi pia, na mwalimu mmoja mzee aliyeonywa na daktari kuhusu mafuta, na shemeji yangu ambaye hakusema sababu yake. Wengine walichukua huku na huku. Mtu akiniuliza ipi bora, mimi nitasema bekoni, kwa sababu ya moshi wake. Dada husema siwezi kuwa hakimu, na yeye hawezi kuwa shahidi.

Mama yake Hija aliketi penye kivuli cha mwembe. Yeye aliletewa sahani yake peke yake, tende za Madina zenye lozi tupu ndani, bila ya kuvikwa chochote. Alimwita binti yangu akampa ya kwanza kwa mkono wake, akala ya pili, na akauliza ni nani aliyezichanja kwa unadhifu namna ile. Dada alinitazama kwa kona ya jicho, akasema, "Mdogo wangu huyu. Alifundishwa Ulaya."

Kikaangio kile kipya kimebaki kwake, kinaning'inia msumarini karibu na dirisha lake la jikoni. Wiki iliyopita nilimtuma mtoto akakiazime, maana nilikuwa na wageni wa Buyenzi. Alirudi nacho, na ndani yake mlikuwa na tende sita na ujumbe kwamba lozi zimekwisha, ninunue.